Saa za Kazi, Saa za Mtoto na Swali Nisiloulizwa

Sehemu kubwa ya yale ambayo mwanasaikolojia wa Uswisi Jean Piaget aliandika kuhusu utoto wa mapema ilitokana na kuwachunguza watoto wake mwenyewe: Jacqueline aliyezaliwa mwaka 1925, Lucienne wa mwaka 1927 na Laurent wa mwaka 1931. Kila mwanafunzi wa saikolojia ya makuzi hukutana nao mapema, akisoma jinsi kichanga anavyoacha kukitafuta kitu kilichofunikwa kwa kitambaa kana kwamba kimetoweka duniani, na jinsi miezi michache baadaye anavyokifunua kitambaa hicho bila kusita. Linalotajwa kwa nadra ni kwamba uchunguzi huo Piaget aliufanya pamoja na mke wake, Valentine Châtenay, ambaye walikutana katika taasisi ileile ya Geneva alikokuwa akifanya kazi. Kabla yao, Charles Darwin alikuwa ameandika kumbukumbu za mwanawe wa kwanza, William, aliyezaliwa mwaka 1839, na akazichapisha mwaka 1877, wakati kichanga huyo alikuwa mtu mzima wa miaka zaidi ya 30.

Nawataja wanaume hao kwanza kwa sababu mimi pia ni baba, na kazi yangu ni utafiti wa makuzi ya watoto wadogo. Fani yetu ilizaliwa sebuleni, kwa watu waliokuwa na nafasi ya kumtazama mtoto wao kwa utulivu bila kulazimika, katika saa hiyohiyo, kumwogesha, kumlisha na kumbembeleza alale. Ili baba ashike daftari, lazima kuwe na mtu mwingine anayemshika mtoto. Hilo halipunguzi thamani ya walichokiona, na hadi leo huwataka wanafunzi wangu wasome maelezo ya Piaget kuhusu watoto wake kabla hawajagusa nadharia yake. Hata hivyo, linaeleza kwa kiasi fulani kwa nini swali la kazi na familia lilichelewa kuingia katika maabara zetu, na kwa nini lilipoingia lilipelekwa moja kwa moja kwa mama.

Kazi yenyewe ina kinaya chake. Familia ambazo wazazi wote wameajiriwa hupatikana nyumbani jioni na mwishoni mwa juma, kwa hiyo mtafiti anayetaka kuona jinsi wanavyoishi na watoto wao hana budi kuwaacha wa kwake saa zilezile. Kisha huja uchambuzi wa video. Dakika kumi za mzazi akicheza na mtoto wa miezi tisa huweza kumaliza asubuhi nzima ya mtu anayeziainisha sekunde kwa sekunde: nani ametazama wapi, nani ametoa sauti kwanza, nani amegeuza uso. Mwenzi wa kazi wa kike anaposafiri kwa mkutano wa kitaaluma, karibu kila mara husikia mtu akimuuliza kwenye meza ya chai nani amebaki na watoto. Mimi nina watoto wawili, nasafiri kwa mikutano hiyohiyo, na sijawahi kuulizwa. Mke wangu, ambaye ni mhasibu na hasafiri mara nyingi kama mimi, huulizwa hata akichelewa kidogo ofisini.

Swali hilo lina historia. Mwaka 1951 daktari wa Uingereza John Bowlby aliliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti kuhusu hali ya akili ya watoto wasio na makao, akionyesha madhara yanayompata mtoto anayekosa kwa muda mrefu malezi ya mtu mmoja wa kudumu anayempenda. Watoto aliowashughulikia walikuwa wametengana na familia zao, wengi wao wakiwa katika taasisi na wengine wakiwa wamevurugwa na vita. Ripoti hiyo ilisaidia kubadilisha jinsi hospitali na nyumba za kulelea watoto zilivyoendeshwa, na kwa hilo Bowlby anastahili heshima. Lakini watu wengi waliisoma kana kwamba mama anayekwenda kazini asubuhi na kurudi jioni ni sawa na mama aliyetoweka, na Bowlby mwenyewe hakufanya jitihada kubwa ya kuwazuia. Hivyo ndivyo tofauti kubwa kati ya kunyimwa mlezi na kuwa na mlezi mwenye ajira ilivyofifia, na mzigo wa tafsiri hiyo ukaangukia kizazi kizima cha akina mama.

Utafiti uliofuata ulikuwa na subira zaidi. Mradi mkubwa kuliko yote ninayoijua katika eneo hili ulianzishwa Marekani mwaka 1991 chini ya taasisi ya taifa inayoshughulikia afya ya mtoto, na ukafuatilia watoto zaidi ya 1,300 kutoka maeneo kumi, tangu wakiwa wachanga hadi walipofika umri wa miaka 15. Watoto waliolelewa na mama zao pekee hawakuwa na mafungamano ya kihisia yaliyo imara zaidi kuliko waliolelewa pia na watu wengine. Hatari ilijitokeza pale ambapo mama alikuwa na wepesi mdogo wa kutambua na kujibu ishara za mtoto na, juu ya hilo, mtoto alikuwa katika malezi duni ya nje, au alikaa huko saa nyingi, au alihamishwahamishwa. Malezi bora ya nje yaliendana na lugha na uelewa bora kidogo. Saa nyingi za malezi hayo ziliendana na ongezeko dogo la utundu na ubishi, kwa kawaida ndani ya kiwango ambacho hakimtishi mtaalamu. Katika takriban kila kipimo, sifa za familia zilikuwa na uzito zaidi kuliko mpangilio wa malezi ya mchana.

Mwaka 2010, Rachel Lucas-Thompson na wenzake walikusanya matokeo ya tafiti 69 zilizofanywa katika miongo mitano na kukuta kwamba, kwa ujumla, ajira ya mama katika miaka ya mwanzo haikuhusiana na mafanikio ya baadaye ya mtoto shuleni wala na matatizo ya tabia. Wastani huo ulificha tofauti: katika familia za mzazi mmoja au zenye kipato kidogo, ajira iliambatana na manufaa, ilhali katika baadhi ya familia zenye nafuu ajira ya kutwa nzima katika mwaka wa kwanza iliambatana na upungufu mdogo. Mwaka 2015 Melissa Milkie na wenzake walikwenda mbali zaidi, wakaripoti kwamba kwa watoto wa miaka 3 hadi 11 idadi ya saa walizokaa na mama haikutabiri tabia, hisia wala masomo yao. Magazeti yalishangilia, kisha yakagombana. Naupenda utafiti huo, lakini lazima niseme kwamba saa zilipimwa kwa shajara za siku mbili tu, moja ya kazi na moja ya mwishoni mwa juma, na siku mbili ni dirisha jembamba la kuchungulia maisha ya nyumba. Tena kwa vijana waliobalehe muda wa kushiriki jambo pamoja na mama uliambatana na kupungua kwa utovu wa nidhamu, sehemu ambayo vichwa vya habari viliipita haraka.

Kwa hiyo, mzazi anaponiuliza ni saa ngapi zinatosha, jibu langu la kweli ni kwamba utafiti haujapata idadi hiyo, na sidhani kama utaipata. Saa ni kitu rahisi kuhesabu, na sisi watafiti tuna udhaifu wa kupenda kinachohesabika.

Mwanasaikolojia Mary Ainsworth alianza na kitu kigumu zaidi kuhesabu. Alifika Kampala mwaka 1954 kwa sababu mume wake alikuwa amepata nafasi katika taasisi ya utafiti wa jamii huko. Ajira yake mwenyewe haikuwapo wakati wanafunga mizigo. Akaitafuta, akaanza kuzitembelea familia 26 za vijijini karibu na mji, akiwatazama watoto 28 wanapolala, wanaponyonya, wanapolia mama akiondoka na wanapomtambaia akirudi. Kazi hiyo, iliyochapishwa mwaka 1967, ndiyo uchunguzi wa kwanza wa kina wa mafungamano ya mama na mtoto katika mazingira yao ya kila siku, na ilifanywa na mwanamke ambaye taaluma yake ilikuwa imehamishwa na ajira ya mwenzi wake. Kati ya aliyoyagundua, moja hunirudia mara kwa mara: mama waliokuwa wasimulizi wazuri, yaani waliojua kueleza bila kuombwa vijambo vidogovidogo vya mtoto wao, jinsi anavyokubali kushikwa, sauti anayoitoa kabla ya kulia, mtu anayemcheka na mtu anayemwogopa, ndio waliokuwa na watoto wenye mafungamano salama zaidi.

Ujuzi wa namna hiyo unahitaji muda, wala sikatai. Hauwezi kupatikana kwa mzazi asiyeonekana kabisa. Lakini unahitaji pia kichwa kilichotulia kiasi cha kuona, na hapo ndipo hesabu ya saa inapoanza kushindwa, kwa kuwa mtu anaweza kukaa sakafuni na mtoto jioni nzima akiwa hajamwona.

Jaribio la mwanasaikolojia Edward Tronick huonyesha jambo hilo kwa namna ambayo hakuna anayelisahau akishalitazama. Aliliwasilisha kwa wanasayansi mwaka 1975 na kulichapisha mwaka 1978. Mama hucheza na kichanga chake uso kwa uso, kisha akaombwa abaki pale pale akimtazama bila kuonyesha hisia yoyote wala kujibu kwa dakika chache. Mtoto hutabasamu, hasubiri sana, hutoa sauti, hunyoosha mikono, hugeuka pembeni, hujaribu tena, na mwishowe mwili wake hulegea au analia. Mama hajaondoka. Yupo umbali wa mkono, na kwa kipimo cha saa dakika hizo zingeingizwa katika hesabu ya muda wa pamoja.

Wanafunzi wengi hukomea hapo, wakabaki na hofu. Ningependa waendelee hadi kwenye sehemu isiyosambazwa sana ya kazi ya Tronick, yaani uchambuzi wake wa mazungumzo ya kawaida ya uso kwa uso kati ya mama na kichanga, ambapo hakuna aliyeagizwa kunyamaza. Hata kati ya jozi zilizoelewana vizuri, hali zao zilioana kwa takribani asilimia 30 tu ya muda. Muda mwingine wote mmoja alikuwa mbele na mwingine nyuma: mama anachekesha ilhali mtoto ametosheka, mtoto anaita ilhali mama anatazama kando. Kilichozitofautisha jozi ni wepesi wa kurudiana baada ya kupishana. Tronick alihitimisha kwamba huko kupishana na kurekebisha ndiko kunakomfundisha mtoto kwamba mambo yakiharibika yanaweza kutengenezwa, na kwamba yeye mwenyewe ana uwezo wa kuchangia katika kuyatengeneza.

Nikiwa nimechambua video nyingi za namna hiyo, nakiri kwamba matokeo hayo yamenisaidia nyumbani kuliko kitu kingine chochote nilichosoma. Saa ya kurudi kutoka kazini ni saa ya kupishana kwa asili yake. Mtoto amekusanya mambo ya mchana mzima na anayamimina kwa mpigo, wakati mzazi bado anajibu moyoni ujumbe wa bosi. Daktari wa watoto wa Uingereza Donald Winnicott alikwisha kuandika mwaka 1953 kuhusu mama anayetosha, ambaye hushindwa hatua kwa hatua kadiri mtoto anavyoweza kuvumilia kushindwa huko. Tronick aliipa fikra hiyo vipimo. Sisemi kwamba kila kupishana kuna heri. Mtoto ambaye mwito wake haujibiwi siku baada ya siku hujifunza kuacha kuita, na kimya hicho huweza kumdanganya mzazi aliyechoka akadhani kwamba mtoto ametulia.

Hapa simu inahitaji aya yake, kwa sababu imebadilisha maana ya kuwa nyumbani. Mwaka 2017 Jessa Reed, Kathy Hirsh-Pasek na Roberta Golinkoff waliwaomba mama wawafundishe watoto wao wa miaka miwili maneno mawili mapya, moja baada ya jingine. Katika somo mojawapo mama alipigiwa simu katikati, akapokea, kisha akaendelea kufundisha. Watoto walijifunza neno la somo lisilokatizwa, na hawakujifunza lile la somo lililokatizwa, ingawa idadi ya mara walizolisikia haikutofautiana. Nimeusoma utafiti huo kwa jicho la mtu anayetafuta dosari, na sampuli yake kwa hakika si kubwa, lakini muundo wake ni safi: mama yuleyule, mtoto yuleyule, idadi ileile ya maneno, na kilichokatika ni uzi wa usikivu kati ya wawili hao. Kazi ya zamani ilibaki kiwandani au ofisini mlango ulipofungwa. Kazi ya sasa huingia na mtu hadi kwenye kitanda cha mtoto, na mwajiri hahesabu kwamba ameomba muda wowote.

Mwaka 1999 Ellen Galinsky alichapisha matokeo ya kuwauliza watoto zaidi ya 1,000 wa Marekani swali ambalo watafiti wengi walikuwa wakiwauliza wazazi tu. Aliwaambia wachague jambo moja ambalo wangebadilisha kuhusu jinsi kazi ya mama au ya baba inavyogusa maisha yao. Wazazi walipoombwa kukisia, wengi walidhani watoto wangetaka muda zaidi. Watoto walipojibu wenyewe, jibu lililoongoza lilikuwa kwamba mzazi arudi akiwa na msongo na uchovu uliopungua. Ninapowasomea wazazi matokeo hayo, huwa naona nyuso zikibadilika, na mara nyingi mtu husema kwamba angependa sana kurudi bila uchovu, lakini hilo haliko mikononi mwake.

Mtu huyo yuko sahihi, na mwanasaikolojia Urie Bronfenbrenner alimpa hoja ya kisayansi mwaka 1979 alipoyaeleza mazingira ya mtoto kama tabaka zinazozungukana. Moja ya tabaka hizo ni mahali ambapo mtoto hakanyagi kamwe lakini yanayoamuliwa huko humfikia, na mfano wake wa wazi ni mahali pa kazi pa mzazi. Ratiba ya zamu inayotangazwa usiku wa kuamkia siku yenyewe, msimamizi anayehesabu simu kutoka shuleni kuwa utovu wa nidhamu, mkataba usio na siku ya ugonjwa wa mtoto: hayo yote ni mazingira ya makuzi kwa kiwango kilekile cha vitabu na vichezeo. Methali yetu husema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mara nyingi hutumiwa kumnyooshea kidole mzazi mmoja. Bronfenbrenner angetaka kujua mwajiri wa mzazi huyo ni nani.

Angalia likizo ya uzazi. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unaweka kiwango cha chini cha wiki 14, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri kichanga anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, yaani takriban wiki 26. Mashirika mawili ya mfumo mmoja wa Umoja wa Mataifa yanamwachia mama pengo la takriban wiki 12 alizibe kwa akili zake, na nchi nyingi hazijafikia hata hicho kiwango cha chini. Sweden ilikuwa ya kwanza, mwaka 1974, kuifanya likizo hiyo kuwa ya wazazi wote wawili, lakini akina baba waliichukua kwa uchache sana hadi mwaka 1995, ulipotengwa mwezi mmoja ambao baba asipoutumia familia inaupoteza. Hapo idadi yao ikapanda kwa haraka. Walikuwa ni wanaume wa nchi ileile yenye utamaduni uleule, na kilichobadilika kilikuwa kanuni.

Fani yangu haina haki ya kuwanyooshea kidole waajiri peke yao. Michael Lamb aliandika mwaka 1975 kwamba baba ni mchangiaji aliyesahauliwa wa makuzi ya mtoto, na ingawa tafiti kuhusu akina baba zimeongezeka tangu hapo, hojaji nyingi bado humwita mhojiwa mama kuanzia ukurasa wa kwanza. Kisha tunaandika kwamba usikivu wa mama unatabiri lugha ya mtoto, kana kwamba wa baba ulipimwa ukaonekana haufui dafu, ilhali hakuna aliyeupima. Na kwa kuwa tumempima mama peke yake, kila dosari tunayoikuta katika makuzi ina mtu mmoja tu wa kuhusishwa naye kitakwimu.

Nyumbani kwetu tumegawana jioni kwa utaratibu ambao mke wangu, kwa tabia ya kihasibu, aliuandika kwenye jedwali. Jioni zangu simu hukaa chumba kingine mpaka watoto walale. Anaporudi yeye, au mimi, tumekubaliana kwamba dakika za mwanzo hakuna anayeuliza kuhusu bili wala kazi ya shule. Si kila wiki inafuata jedwali, hasa msimu wa kufunga mahesabu kwake na wa kuomba fedha za utafiti kwangu, na mtoto mkubwa amegundua kwamba akimuuliza yule asiye wa zamu huweza kupata jibu tofauti.

Kazini, katika hojaji ya mradi tunaouandaa, tumeondoa swali la mama anafanya kazi saa ngapi kwa wiki na kuweka maswali yanayoulizwa kwa kila mzazi au mlezi: nani hupanga saa zako, unaarifiwa mapema kiasi gani zikibadilika, unaweza kuondoka mtoto akiugua, na unajibu ujumbe wa kazi ukiwa nyumbani. Ninatarajia kwamba maswali hayo yatatueleza mengi kuliko saa zilivyotueleza. Tatizo lililobaki ni ziara zenyewe. Wasaidizi wetu wa utafiti, wengi wao wakiwa na watoto wadogo, wameomba ziara zihamishiwe asubuhi, na ombi lao ni la haki kabisa. Lakini ziara za asubuhi zitatuletea kwa wingi familia ambazo mzazi mmoja hakai kazini mchana, na tutarudi kuandika kuhusu wazazi wanaofanya kazi bila kuwa tumewaona. Pendekezo lililo mezani ni kumlipa msaidizi gharama ya malezi ya mtoto wake kwa kila jioni ya ziara na kuiingiza gharama hiyo kwenye bajeti pamoja na kamera na nauli. Mfadhili bado hajajibu.